Kutangulia si Kufika: Siri ya Uthabiti wa Mrushaji wa Kasi katika Kriketi

Utangulizi

Tarehe 22 Februari 2003, katika uwanja wa Newlands jijini Cape Town, Shoaib Akhtar wa Pakistan alirusha mpira uliopimwa kwenda kwa kasi ya kilomita 161.3 kwa saa. Ndio mpira wenye kasi kubwa zaidi kuwahi kurekodiwa katika kriketi ya kimataifa ya wanaume. Mpigaji aliyeukabili, Nick Knight wa Uingereza, aliucheza kwa gongo lake, akabaki mchezoni. Katika mechi hiyo hiyo ya Kombe la Dunia, kijana wa Uingereza mwenye umri wa miaka 20, James Anderson, alirusha mipira yenye kasi ndogo kuliko ya Akhtar, akawatoa wapigaji 4 wa Pakistan kwa gharama ya mikimbio 29 tu. Uingereza ilishinda kwa mikimbio 112, na Anderson akatangazwa mchezaji bora wa mechi.

Makala haya hayadhamirii kumdunisha Akhtar. Alikuwa mrushaji hodari aliyewatia hofu wapigaji wa dunia nzima. Katika Testi, yaani zile mechi za mataifa zinazochezwa kwa muda wa hadi siku 5, alijipatia wiketi 178. Hata hivyo, alicheza Testi 46 pekee, majeraha yakiwa miongoni mwa mambo yaliyomweka nje mara kwa mara. Anderson, kwa upande wake, alicheza Testi 188 kuanzia Mei 2003 hadi Julai 2024, akapata wiketi 704. Hakuna mrushaji wa kasi mwingine aliyefikia idadi hiyo. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kutangulia si kufika.

Swali tunalolishughulikia basi ni hili: ni nini kinachomwezesha mrushaji wa kasi kufaulu leo na kesho, nyumbani na ugenini, mpira ukiwa mpya na ukiwa umechakaa? Swali hili linatuhusu kuliko tunavyodhani. Wengi wa wasomaji wa jarida hili watakuwa walimu, na si ajabu mwalimu wa Kiswahili kukabidhiwa pia timu ya shule. Mwalimu huyo akimfundisha kijana kwamba kasi ndiyo kila kitu, huenda akamharibia mgongo kabla hajamaliza masomo.

Maelezo ya istilahi

Kabla ya kuendelea, ni vyema tuafikiane kuhusu istilahi, maana kriketi bado haijapata msamiati wa Kiswahili ulioenea kama ule wa kandanda. Katika makala haya, mrushaji ni mchezaji anayeurusha mpira kumwelekea mpigaji, ambaye naye hujikinga kwa gongo. Nyuma ya mpigaji kuna vigingi 3 ambavyo mrushaji hunuia kuviangusha. Ukanda wa ardhi iliyoshindiliwa, ambapo mpira hutua na kudunda, tutauita pichi. Kutoka vigingi vya upande mmoja hadi vya upande wa pili ni mita 20.12. Mipira 6 hufanya ova moja. Mpigaji anapotolewa mchezoni kwa juhudi za mrushaji, mrushaji huyo huhesabiwa kuwa amepata wiketi. Alama zinazofungwa na wapigaji ni mikimbio, na wastani wa mrushaji ni idadi ya mikimbio aliyoitoa kwa kila wiketi. Kadiri wastani unavyopungua ndivyo mrushaji anavyosifiwa. Hatimaye, mpira wenyewe umevikwa ngozi ambayo vipande vyake vimeunganishwa kwa mshono uliotuna. Mshono huo, ingawa ni mdogo, ndio silaha ya mrushaji.

Mwendo unaojirudia

Nguzo ya kwanza ya uthabiti ni mwendo wa mwili unaoweza kurudiwa. Mpira unaorushwa kwa kasi ya kilomita 145 kwa saa humfikia mpigaji katika muda wa takriban nusu sekunde. Mkono ukikosea mwelekeo kwa digrii moja tu, kosa hilo huwa limegeuka kuwa takriban sentimita 30 mpira unapomfikia mpigaji. Sentimita 30 ndizo zinazotenganisha mpira unaogonga kigingi na mpira unaopigwa hadi mpakani mwa uwanja.

Kwa sababu hiyo, mrushaji bora hujitahidi kuifanya kila hatua ifanane na iliyotangulia: idadi ya hatua za mbio zake, mruko wa mwisho, namna mguu wa mbele unavyokita ardhini, kichwa kinavyotulia, na mahali mkono unapouachilia mpira. Akirudia mwendo huo mara elfu nyingi mazoezini, mwili huukariri kama ulimi unavyokariri shairi. Hapo akili yake huwa huru kumfikiria mpigaji badala ya kuifikiria miguu yake mwenyewe.

Ni muhimu kutambua kwamba mwendo bora si lazima ufanane na picha iliyo katika kitabu cha mkufunzi. Katika miaka yake ya mwanzo, Anderson alikuwa akiinamisha kichwa na kutazama chini wakati wa kuuachilia mpira. Wakufunzi, kwa nia njema, wakajaribu kuubadilisha mwendo wake ili kuukinga mgongo. Kasi yake ilipungua, usahihi ukayumba, na mwaka 2006 mfupa wa mgongo wake ukapata ufa. Alipopona aliurejelea mwendo wake wa awali, akadumu nao hadi alipostaafu. Kwa upande mwingine, Dennis Lillee wa Australia, aliyepata nyufa katika mifupa ya mgongo mwaka 1973, aliujenga upya mwendo wake kwa subira, akarejea uwanjani, na alipostaafu mwaka 1984 alikuwa na wiketi 355 za Testi, nyingi kuliko za mrushaji yeyote wakati huo. Mifano hii miwili haipingani. Mmoja alihitaji kuacha mabadiliko, mwingine akayahitaji. Lakini wote wawili walidumu baada ya kupata mwendo ambao miili yao iliweza kuurudia bila kuvunjika.

Mahali mpira unapotua

Nguzo ya pili ni kujua mpira utue wapi. Mrushaji akiutua mbali na mpigaji, mpigaji hupata nafasi ya kurudi nyuma na kuusoma mdundo wake. Akiutua karibu mno na miguu ya mpigaji, mpigaji huusogelea na kuupiga kabla haujageuka. Baina ya sehemu hizo mbili kuna eneo la mashaka, aghalabu mita 6 hadi 8 kutoka kwenye vigingi vya mpigaji, ambapo mpigaji hajui asonge mbele au arudi nyuma. Mrushaji anayeweza kulirudia eneo hilo kutwa nzima humchosha mpigaji kwa mashaka, naye aliyechoka kwa mashaka hukosea.

Hakuna aliyelithibitisha jambo hili kama Glenn McGrath wa Australia. McGrath hakuwa miongoni mwa warushaji wenye kasi kubwa zaidi wa enzi zake. Mara nyingi mipira yake ilikuwa na kasi ya kilomita mia moja na thelathini na kitu kwa saa. Aliutumia urefu wa mwili wake kuupatia mpira mdundo mkali, akautua pale pale, kandokando tu ya kigingi cha nje, ova baada ya ova. Alistaafu Testi mwaka 2007 akiwa na wiketi 563 kwa wastani wa 21.64. Wapigaji walijua vyema atakachowafanyia, lakini kujua hakukuwasaidia. Hiyo ndiyo maana ya uthabiti.

Hata hivyo, eneo la mashaka halikai mahali pamoja katika kila uwanja. Mjini Perth, Australia, ambako pichi kwa desturi ni ngumu na mpira hudunda juu, mpira uliotua katikati unaweza kupita juu ya vigingi bila kuvigusa. Mrushaji anayetaka kuvigonga hulazimika kuutua karibu zaidi na mpigaji. Mjini Chennai, India, ambako mdundo mara nyingi ni wa chini na wa polepole, mpira huo huo uliotua katikati hulenga vigingi moja kwa moja. Hivyo basi, uthabiti haumaanishi kuutua mpira kwa ukaidi pale pale ulikozoea nyumbani. Maana yake ni kuipima pichi katika ova za mwanzo, kulitafuta eneo jipya la mashaka, kisha kulirudia hilo. Nahodha wa jahazi haachi kushika njia kwa sababu upepo umebadilika. Hurekebisha tanga, na bandari aendayo ikabaki ile ile.

Hewa, mshono na ngozi ya mpira

Nguzo ya tatu ni kumfahamu mpira wenyewe kana kwamba una tabia za mtu. Mpira mpya ukirushwa huku mshono ukiwa umeelekezwa kando kidogo, hewa inayopita upande wa mshono huvurugika na kuushikilia mpira kwa muda mrefu zaidi. Hewa ya upande laini huachana na mpira mapema. Tofauti hiyo husababisha msukumo, na mpira hupinda kuelekea upande ambao mshono umeelekezwa. Ndiyo sababu wachezaji huonekana wakiusugua mpira kwenye suruali: wanalinda wororo wa upande mmoja. Zamani waliutumia mate kwa shughuli hiyo, lakini matumizi ya mate yalikatazwa mwaka 2020 kutokana na janga la korona, na mwaka 2022 katazo hilo likaingizwa katika sheria za mchezo.

Mpira ukichakaa, hasa kwenye viwanja vikavu vinavyoikwaruza ngozi, jambo la ajabu hutokea. Ukirushwa kwa kasi ya kutosha, hewa huvurugika pande zote mbili kabla ya kufika kwenye mshono, na mshono sasa huifanya hewa ya upande wake iachane na mpira mapema. Matokeo yake ni kwamba mpira hupinda kinyume na mwelekeo wa mshono. Warushaji wa Pakistan, wakiwemo Imran Khan, Wasim Akram na Waqar Younis, ndio waliousambaza ufundi huu duniani, kwa kuwa pichi kavu za kwao ziliwalazimisha kutafuta silaha nyingine baada ya wororo wa mpira kutoweka.

Isitoshe, mipira yenyewe haifanani. Nchini Uingereza hutumika mpira wa Dukes, ulioshonwa kwa mkono na wenye mshono uliotuna, ambao huendelea kupinda kwa muda mrefu. Nchini Australia na Afrika Kusini hutumika Kookaburra, ambao mshono wake hulala mapema. India hutumia SG. Mrushaji aliyelelewa na mpira mmoja akakabidhiwa mwingine ni kama fundi aliyenyang'anywa patasi yake. Ana ujuzi, lakini mkono unahitaji kujifunza upya.

Mfano wa mwanafunzi asiyehitimu

Maisha ya Anderson yanatuonyesha jinsi nguzo hizi zinavyokutana. Katika ziara ya Australia ya 2006-07 alipata wiketi 5 tu kwa wastani wa 82.60. Mpira wa Kookaburra ulikataa kupinda, naye hakuwa na silaha nyingine. Mwaka 2010, Pakistan ilipozuru Uingereza, alimtazama kwa makini Mohammad Asif, aliyekuwa akiuachilia mpira huku mshono ukitikisika badala ya kusimama wima. Mpira wa namna hiyo haupindi sana hewani, lakini ukitua huenda kushoto au kulia bila hata mrushaji kujua utaelekea wapi. Anderson akaufanyia mazoezi ufundi huo. Aliporejea Australia mwishoni mwa mwaka huo, alipata wiketi 24 kwa wastani wa 26.04, na Uingereza ikashinda mfululizo huo kwa mechi 3 kwa 1. Pichi na mpira vilikuwa vile vile. Aliyebadilika ni mrushaji.

Miaka kumi na zaidi baadaye, tarehe 9 Februari 2021, Anderson akiwa na umri wa miaka 38 alisimama kwenye pichi iliyochakaa mjini Chennai, siku ya tano ya mechi. Katika ova moja aliviangusha vigingi vya Shubman Gill na Ajinkya Rahane kwa mipira iliyopinda kinyume. Uingereza ilishinda kwa mikimbio 227. Mtu aliyeanza kwa kutegemea mpira mpya wa Uingereza sasa alikuwa ameshinda kwa mpira mkuukuu wa India.

Ieleweke kwamba hatusemi kasi haina maana. Dale Steyn wa Afrika Kusini alikuwa na kasi kubwa, na mnamo Februari 2010 mjini Nagpur alipata wiketi 7 kwa mikimbio 51 katika nchi ambayo pichi zake hupendelea warushaji wa mizunguko. Lakini kilichowashinda wapigaji wa India siku ile ni kasi iliyofuatana na kupinda, na kupinda kulikofuatana na kulenga vigingi. Mpira unaopinda kwa kasi humnyima mpigaji muda wa kurekebisha gongo. Mpira ulionyooka, hata uwe wa kasi namna gani, mpigaji stadi huuzoea.

Mwili na mipaka yake

Nguzo ya nne haionekani uwanjani, nayo ni utunzaji wa mwili. Mguu wa mbele wa mrushaji wa kasi unapokita ardhini, nguvu inayoupitia huweza kuzidi mara 5 ya uzito wa mwili wake. Wakati huo huo mgongo hupinda, hujikunja na kuzunguka. Tendo hilo likirudiwa mamia ya mara kwa wiki, mifupa ya chini ya mgongo hupata nyufa, hasa kwa vijana ambao mifupa yao haijakomaa.

Jasprit Bumrah wa India ni ithibati ya karibuni. Mnamo Desemba 2024 alikuwa mrushaji wa kwanza katika historia kufikisha wiketi 200 za Testi huku wastani wake ukiwa chini ya 20. Katika mfululizo huo wa Testi 5 nchini Australia alipata wiketi 32. Lakini mzigo ulimwelemea: katika mechi ya mwisho mjini Sydney, Januari 2025, mgongo ulimshika, akashindwa kurusha hata mpira mmoja katika zamu ya pili ya Australia, na India ikashindwa. Mrushaji bora kuliko wote wa wakati wake alikuwa ameketi kando huku mechi ikiamuliwa.

Kwa kutambua hatari hii, wasimamizi wa kriketi nchini Uingereza wameweka miongozo inayodhibiti idadi ya ova ambazo kijana anayerusha kwa kasi anapaswa kurusha kwa siku, kulingana na umri wake. Mwalimu asiye na mwongozo wowote anaweza angalau kuhesabu mipira ya kijana wake kila wiki na kuepuka kuiongeza kwa ghafla. Kalamu na daftari vyatosha.

Funzo kwa viwanja vyetu

Je, haya yana nafasi gani nchini Kenya? Historia yetu wenyewe inajibu. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, India, Kenya iliyokuwa ikishiriki Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza ilipata mikimbio 166 tu dhidi ya West Indies, timu iliyokuwa na warushaji wa kuogofya. Wengi waliona mechi imekwisha. Kumbe Rajab Ali, mrushaji wa kasi ya wastani, alimwangushia vigingi nahodha Richie Richardson, kisha akamtoa Brian Lara, mpigaji aliyetajika duniani kote. Alimaliza na wiketi 3 kwa mikimbio 17, na West Indies wakaishia mikimbio 93. Ali hakuwa na kasi ya kumtisha mtu. Alikuwa na mstari ulionyooka na mahali pamoja pa kuutua mpira. Thomas Odoyo naye, kwa ufundi wa aina hiyo hiyo uliodumu miaka mingi, alikuwa mchezaji wa kwanza kutoka taifa lisilocheza Testi kufikisha wiketi 100 katika mechi za kimataifa za siku moja.

Aidha, nchi yetu yenyewe ni darasa la mazingira tofauti. Nairobi imeinuka zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na humpa mpira msukumo mdogo wa kupinda. Mombasa iko pwani, na hewa yake ni nzito zaidi. Kijana anayeteremka kutoka Nairobi kucheza Mombasa huweza kuona mpira ukipinda kuliko alivyozoea, akalazimika kurekebisha mahali anapolenga. Kijana huyo hahitaji kupanda ndege ili kujifunza alichojifunza Anderson nchini Australia. Anahitaji mwalimu wa kumweleza kwa nini mpira umefanya ulivyofanya.

Tangu mwaka 2014, Kenya ilipopoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja, wengi wamezoea kuuliza pesa zitatoka wapi na viwanja vitajengwa na nani. Ni maswali ya haki. Lakini nguzo nne tulizozieleza zinahitaji jicho la mwalimu na subira kuliko zinavyohitaji fedha.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba mrushaji wa kasi anayefaulu kila mahali huwa na mwendo ambao mwili wake unaweza kuurudia, hujua kuutua mpira penye mashaka na kulihamisha eneo hilo pichi inapobadilika, huifahamu tabia ya mpira katika upya na uchakavu wake, na huuheshimu mwili wake. Kasi huja juu ya hayo, kama paa lijavyo juu ya kuta. Mwalimu atakayemwona kijana mwenye kasi katika uwanja wa shule asimwambie kwanza aongeze kasi. Na amwekee kitambaa juu ya pichi, amwombe akipige mara 6 katika mipira 10, kisha siku nyingine akihamishe kitambaa hicho.